Maneno marefu kupita kiasi: yametoka wapi, na nani aliamua kwamba ni neno moja?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila watu wanapobishana kuhusu neno refu kuliko yote duniani, hakosi mmoja wa kuleta hili: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Herufi 45. Linaelezwa kuwa ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika kutoka kwenye volkano. Nililikariri nikiwa mdogo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kuna daktari mahali fulani anayeliandika kwenye cheti cha mgonjwa.

Hayupo. Neno hilo lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa National Puzzlers' League, chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani. Gazeti la New York Herald Tribune likalichapa Februari mwaka huohuo, na baadaye likapata nafasi kwenye kamusi. Kamusi ya Oxford yenyewe inasema kwamba ni neno lililobuniwa kwa kuiga istilahi ndefu za kitabibu. Ugonjwa upo, tena unaua, na wachimba migodi na wachonga mawe wanaujua vizuri. Jina lake ni silikosisi. Herufi kumi tu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu jambo hili linaniuma kidogo. Tunapewa maneno yaliyorefushwa ili yawe marefu, tunayashangaa, halafu yale yaliyorefuka yenyewe kwa sababu lugha imejengwa hivyo yanatupita mdomoni kila siku bila kuonekana. Mtengeneza mafumbo akiunganisha vipande vya Kigiriki na Kilatini amefanya zoezi zuri la akili, sikatai. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulihitaji neno lile ili aseme jambo kwa mwenzake.

Mengine ya kundi hilo ni haya. Floccinaucinihilipilification, herufi 29, maana yake kukihesabu kitu kuwa hakina thamani yoyote. Asili yake ni sarufi za Kilatini za shuleni Uingereza, ambako flocci, nauci, nihili na pili yaliorodheshwa pamoja kama maneno ya kusemea kitu cha bure: kijinyuzi cha sufu, kisicho na maana, si kitu, unywele. Mtu akayashona yote manne, akaongeza mkia wa nomino. Katika karne ya 18 lilikuwa tayari linaandikwa kwenye barua.

Antidisestablishmentarianism, herufi 28, lina haki zaidi kidogo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na ugomvi wa kweli. Karne ya 19 Waingereza walibishana kama Kanisa la Uingereza liendelee kuwa kanisa rasmi la dola au liondolewe hadhi hiyo. Kanisa la Ireland liliondolewa kwa sheria ya mwaka 1869, la Wales likafuata mwaka 1920. Neno hilo linataja msimamo wa waliopinga uondoaji huo. Hata hivyo, siku hizi linatajwa zaidi kwa ajili ya urefu wake kuliko kwa ajili ya kanisa.

Leteni na ya kwenu. Ombi langu moja: ukileta neno, tuambie limetoka wapi.

#2

Mkuu, Shakespeare umemwacha? Honorificabilitudinitatibus, herufi 27. Limo kwenye tamthilia yake Love's Labour's Lost, na anayelitamka ni mhusika wa kuchekesha.

#3 (mleta uzi)

Umefanya vizuri kulileta, mkuu wa #2, na wala si mali ya Shakespeare. Ni Kilatini cha zama za kati, likiwa na maana ya hali ya kustahili heshima. Mshairi Mwitaliano Dante alishalitaja karibu miaka mia tatu kabla yake, kama mfano wa neno lililo refu mno kuingia kwenye mshororo wa shairi. Mwaka 1910 akatokea Edwin Durning-Lawrence, akazipanga upya herufi zake zikasomeka kwa Kilatini kwamba tamthilia za Shakespeare ni watoto wa mwanafalsafa Francis Bacon, yaani yeye ndiye aliyeziandika. Herufi 27 ukizichezea vya kutosha zitakupa karibu chochote unachokitafuta, ndiyo maana mimi sikushawishika.

Kinachonivutia ni kingine. Lisome taratibu: ho-no-ri-fi-ca-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bus. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, hadi silabi ya mwisho. Kwa Mwingereza ni mzigo mdomoni. Kwa Mswahili linateremka lenyewe, na karibu na mwisho utadhani umesikia "nitatibu". Ugumu wa neno refu haumo kwenye urefu peke yake, unategemea sikio la anayelisikia.

#4

Wajerumani ndio wenyewe. Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63, na ilikuwa sheria halali ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern. Ilifutwa mwaka 2013. Hiyo huwezi kusema imetungwa kwa ajili ya mafumbo.

#5 (mleta uzi)

Hiyo ni halali kabisa, na ningependa tuikate vipande pamoja, maana inafundisha.

Rindfleisch, nyama ya ng'ombe. Etikettierung, uwekaji lebo. Überwachung, usimamizi. Aufgaben, majukumu. Übertragung, uhamishaji. Gesetz, sheria. Zile s unazoziona kwenye maungio ni gundi tu.

Sasa isome kwa Kiswahili kuanzia mkiani: sheria ya uhamishaji wa majukumu ya usimamizi wa uwekaji lebo wa nyama ya ng'ombe. Vipande ni vilevile, kwa mpangilio uliogeuzwa, na kila kiungio tumekitilia ya au wa. Wazo ni lilelile, hata uchovu wa kulisoma ni uleule! Mjerumani ameliandika bila kuinua kalamu, sisi tumeacha nafasi. Urefu wake wa ajabu umo kwenye mwandiko kuliko kwenye fikra.

Na si kwamba Mjerumani amejiamulia tu. Neno lile linatamkwa kama neno moja, mkazo mkuu unakaa mwanzoni, na likibadilika kisarufi linabadilika mwishoni pekee. Kwa hiyo ana sababu. Ila tukumbuke kwamba Mwingereza naye hurundika nomino kwa mtindo uleule, isipokuwa yeye huweka nafasi katikati, na hakuna anayemwambia ana maneno ya herufi 60.

#6

Naomba kuongezea majina ya mahali.

Wales kuna kijiji cha Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Herufi 58. New Zealand kuna kilima cha mita 305 kinachoitwa Taumatawhakatangihangakoauauotamateaturipukakapikimaungahoronukupokaiwhenuakitanatahu, herufi 85. Marekani, Massachusetts, kuna ziwa Chargoggagoggmanchauggagoggchaubunagungamaugg, herufi 45. Maana yake niliwahi kusoma: "wewe vua upande wako, mimi nivue upande wangu, katikati asivue mtu."

#7 (mleta uzi)

Kila moja lina kisa chake, mkuu.

Hiyo tafsiri ya ziwa iache leo hii. Ilikuwa mzaha wa mhariri wa gazeti la mji huo, Larry Daly, katika miaka ya 1920, na watu wakaumeza kama historia. Jina la asili ni la Wanipmuc, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na linahusu mahali pa kuvulia samaki mpakani, mahali pa kukutania. Nasikitika kila ninapoona mzaha wa mgeni umekalia kiti cha maana ya wenyeji.

Kijiji cha Wales kilikuwa na jina lake fupi zaidi, Llanfairpwllgwyngyll. Huo mkia uliongezwa miaka ya 1860 ili kituo chao cha reli kivute wasafiri. Lilirefushwa makusudi, sawa na lile la #1. Lakini herufi 58 ni hesabu ya Mwingereza. Kwa Mwelishi ll ni herufi moja, ch ni moja, kwa hiyo kwake jina lina herufi 51. Nasi tungehesabu hivyo, "unyambulishaji" lenye herufi 14 lingebaki na 12, kwa sababu ny na sh ni sauti moja moja.

Kilima cha Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ndicho ninachokiheshimu. Jina linasimulia: kilele ambapo Tamatea, mtu mwenye magoti makubwa, mpanda milima, aliyezunguka nchi, alimpigia filimbi mpenzi wake. Hilo ni simulizi zima lililoandikwa bila nafasi. Kwenye mazungumzo wenyeji husema Taumata, basi.

#8

Kwa upande wa sayansi kuna titini, protini ya kwenye misuli. Jina lake kamili la kikemia lina herufi 189,819. Mjadala umefungwa.

#9 (mleta uzi)

Haujafungwa, ndugu yangu. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na titini ina zaidi ya elfu thelathini. Hilo "jina" ni orodha ya asidi hizo zote, moja baada ya nyingine, kwa kanuni. Ni sawa na kuandika namba ya tarakimu elfu moja kwa maneno na kudai umevumbua neno. Hakuna anayelisoma, na hao wanakemia wenyewe wanasema titini.

#10

Wapenzi wa fasihi ya kale mmelala. Aristophanes, Ugiriki, karibu mwaka 391 KK, kwenye tamthilia yake ya wanawake kushika bunge, alitaja chakula kwa neno moja la herufi 171 za Kigiriki: samaki, ndege, asali, vyote vimerundikwa. Na kwa Kisanskriti, karne ya 16, mwanamke mshairi Tirumalamba wa Vijayanagara, dola ya kusini mwa India, aliandika ambatani moja (maneno yaliyounganishwa kuwa neno moja) yenye herufi 195 za mwandiko wao.

#11 (mleta uzi)

Asante sana kwa Tirumalamba, hatajwi inavyostahili. Kwa Kisanskriti ambatani ndefu ni ufundi wa kawaida wa uandishi, msomaji aliyefunzwa anaifungua kipande kwa kipande na kupata picha nzima. Ya Aristophanes ni ya jukwaani, mwigizaji alitakiwa aishiwe pumzi.

#12

Mleta uzi unazunguka dunia nzima, Kiswahili chetu umekiahidi tangu #1 na hujakigusa. Tupe neno.

#13 (mleta uzi)

Haya. Nilikuwa nalisubiri swali hili.

"Maumivu tutakayowasababishia." Neno la pili lina herufi 20. Hebu tulifungue. Tu- ni sisi. -taka- ni wakati ujao. -yo- inarudi kwa maumivu. -wa- ni wao. -sababish- ni sababu iliyogeuzwa kitenzi kwa -ish-. -i- ni ile ya kutendea. -a inafunga. Vipande saba, na kila kimoja kina kazi. Ukiondoa kimoja, maana inabadilika au sentensi inavunjika. Na katikati amekaa mgeni, "sababu", neno lililotoka Kiarabu, amevishwa viambishi vya Kibantu mbele na nyuma hadi hatambuliki kama mgeni.

Hakuna aliyekaa mezani kulitunga. Mtu yeyote anaweza kulisema leo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na msikilizaji ataelewa bila kusita. Kwenye kamusi hulikuti, kwa sababu kamusi zetu huorodhesha vitenzi kwa shina bila viambishi vya mwanzo. Ndiyo maana mashindano ya "neno refu kwenye kamusi" yanatuonea. Ukienda kwa kamusi utapata "ushirikishwaji" na wenzake wa herufi 14, ukadhani tumeishia hapo.

#14

Nakuzidi mbili. "Tutakavyolishughulikia suala hili." Hesabu: 22. Na hilo linasemwa kwenye kila kikao.

#15 (mleta uzi)

Nimehesabu mara mbili, ni 22. Nakubali kushindwa, mkuu. Na hapo kwenye "shughuli" yuko Mwarabu mwingine.

#16

Ngoja niwazidi wote: "watakavyohangaikahangaika". Herufi 25.

#17

Hapo umerudiarudia shina, haihesabiwi. Kwa mwendo huo kila mtu atarefusha anavyotaka.

#18 (mleta uzi)

Naitetea #16. Kurudia shina kwa Kiswahili ni kanuni. Kuhangaika na kuhangaikahangaika ni mambo mawili, la pili ni la huku na huku, bila kutulia. Tena huwezi kulirudia mara tano kwa kupenda, lugha inakuruhusu mara moja ukapata maana hiyo. 25 zinasimama hadi atokee mwingine.

#19

Mimi ni msomaji tu, lakini nina shaka. Umesema ya Kijerumani ni suala la nafasi kwenye maandishi. Sasa "tutakavyolishughulikia" nalo si ni nafasi tu? Tungeandika "tu taka vyo li shughulikia" tungekuwa na maneno matano mafupi.

#20 (mleta uzi)

Swali lako, mkuu wa #19, ndilo lililonifanya nifungue uzi, na naomba uvumilivu maana jibu ni refu.

Kuna ndugu zetu walioandika hivyohivyo. Kwa Kiswahili tunasema "ninakupenda", neno moja. Kwa Kizulu ni "ngiyakuthanda", neno moja. Kwa Kitswana ni "ke a go rata", maneno manne. Zote ni lugha za Kibantu na mfumo ni ule mmoja: kiambishi cha mtenda, cha wakati, cha mtendwa, kisha shina. Waliosanifu maandishi ya Kitswana na Kisotho waliacha nafasi baada ya viambishi hivyo, wale wa Kizulu wakaviunganisha. Anayetafuta maneno marefu atamsifu Mzulu na kumpita Mtswana, na wote wawili wamesema jambo moja kwa muundo mmoja.

Kituruki pia. Wao wana sentensi yao maarufu: "Çekoslovakyalılaştıramadıklarımızdan mısınız?" Maana yake ni: je, wewe ni miongoni mwa wale ambao hatukuweza kuwafanya wawe Wachekoslovakia? Neno la kwanza lina herufi 36: nchi, mtu wa nchi, kuwa, kufanya awe, kutoweza, ambao, wingi, wetu, miongoni mwa. (Hiyo -tır- ya katikati inafanya kazi ileile ya -ish- yetu, na hunifurahisha kila nikiiona.) Lakini tazama "mısınız". Irabu zake zinafuata irabu za neno lililotangulia, kama kiambishi chochote cha Kituruki. Sikio linasikia neno moja, ila kanuni ya tahajia inasema kiulizi kiandikwe mbali, kwa hiyo 43 zimekuwa 36.

Je, basi neno halipo, ni nafasi tu? Hapana, na hapa ndipo ninaposimama. Kuna vipimo ambavyo kalamu haiwezi kuvibadilisha. Kwa Kiswahili cha kwanza ni mkazo: neno lina mkazo mkuu mmoja, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "tutakavyolishughulikia": unakaa kwenye -ki-, pekee. Cha pili ni kujaribu kupenyeza kitu. "Sheria ya uhamishaji" inapenyezeka: sheria mpya ya uhamishaji. Sasa jaribu kupenyeza neno kamili kati ya tutakavyo na lishughulikia. Haiingii. Kwa hiyo lile ni neno moja hata ukiliandika vipande vitano, na "ke a go rata" kwa kipimo hichohicho ni neno moja lililoandikwa vipande vinne.

Ndiyo maana nasema neno refu la kweli ni lile linalobaki refu ukifumba macho.

#21

Hapo kwenye kufumba macho nimekuelewa. Lakini mbona naweza kusema "maumivu ambayo tutawasababishia"? Maana ileile, na neno limepungua.

#22 (mleta uzi)

Kweli kabisa, na si lugha zote zinazompa msemaji hiari hiyo. Ukitumia amba-, kirejeshi (ile -yo- inayorudi kwa maumivu) kinahamia huko na kitenzi kinapumua: "tutawasababishia", herufi 16. Ukitaka kubana, unakirudisha ndani. Mimi kwenye maandishi napenda kubana, kwenye mazungumzo najikuta natumia amba- zaidi.

Wenzetu wengine hubana kuliko sisi. Kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti wa kaskazini ya Kanada, "tusaatsiarunnanngittualuujunga" ni sentensi nzima: siwezi kusikia vizuri hata kidogo. Herufi 30, ikianza na kusikia na kuishia na mimi. Mzee mwenye masikio mazito anaweza kulisema bila kujua kwamba ametoa neno refu kuliko floccinaucinihilipilification.

#23

Swali la mwisho kutoka kwangu. Umeandika kwamba -taka- ni wakati ujao. Wakati ujao si -ta-? Tutasema, tutakwenda. Hiyo -ka- imetoka wapi?

#24 (mleta uzi)

Haikutoka popote, ilikuwepo. Kilichopotea ni kwingine.

-Ta- ya wakati ujao ni kitenzi "kutaka" kilicholika. Mtu anayetaka kwenda ndiye atakayekwenda, na taratibu kutaka kukageuka kuwa alama ya wakati tu. Kwenye "tutasema" kimebaki kisiki, -ta-. Lakini kirejeshi kinapofuata, umbo la zamani limehifadhiwa zima: tutakayo, atakaye, watakavyo. Kwa hiyo mwenye kikao anaposema "tutakavyolishughulikia suala hili", katikati ya neno lake, baada ya "sisi" na kabla ya "jinsi", bado anasema kwamba anataka.